Vingine, Hadi Lita Moja

Jumatano, 16 Julai 2025

Mwajabu kafa. Saa kumi na moja alfajiri, hapa nyumbani, kitandani kwetu. Damu ilimwishia mwilini. Hakusema kitu.

Nimemfumba macho mwenyewe. Nimemfunga kidevu kwa kanga. Nimekaa kidogo. Halafu nikaenda kumgongea Mwantumu, jirani.

Faudhia kafika saa nne. Bodaboda toka Kibiti mjini, na mimba ya miezi saba. Nilitaka kumgombeza kwa hiyo bodaboda. Nilipomwona uso nikaacha. Ndiye mtoto wetu peke yake.

Kuosha — wanawake walitaka waingie wao tu. Nikasema ni mke wangu, miaka ishirini na sita, naingia. Shehe kasema inafaa. Nimemmwagia maji miguuni. Visigino vile vile, vimepasuka. Alikuwa anavikwangua kwa kigae na kunitukana, kama mie ndiye niliyevipasua. Vidole vya mikono vina zambarau. Rangi ya ukindu wa mikeka. Mwantumu kasugua, haitoki. Nikamwambia shemeji acha, aende nayo.

Tumezika baada ya Alasiri.

Daftari hili lilikuwa la ugonjwa. Daktari wa Kibiti alisema niandike kila siku, kala nini, kashindaje. Nimeandika toka Machi. Nina darasa la nne, mwandiko wangu kama kuku kapita. Mwajabu alikuwa anachungulia anasema andika vizuri, daktari atadhani mgonjwa ni wewe.

Leo hamna wa kuandika kala nini. Mkono umezoea tu.

Alhamisi, 17 Julai

Tanga la msiba limejaa. Mahege yote, kijiji kizima, iko uani kwangu, na Dimani nusu. Wote wamekalia mikeka ya Mwajabu. Hamna mkeka hapa ambao hakuusuka yeye.

Kaja Bwanaheri, mtani wetu wa Ruaruke. Jana makaburini aliingia shimoni akalala, akasema hapa padogo, Mwajabu ana nyonga, chimbeni upya, sitoki. Katoka alipoahidiwa kuku. Leo ndiyo kafanya vituko hasa. Kajifunga kanga ya marehemu, kakaa chini miguu kanyoosha, kaanza kusema kwa sauti ya Mwajabu. Ile ile, ya puani kidogo.

"Baba Faudhia, hiyo miguu unaipeleka wapi? Mkeka huo, siyo tuta la mihogo."

Watu hoi. Faudhia mwenyewe kashika tumbo anacheka huku analia. Wazee wawili wameinamisha vichwa, mabega yanatikisika.

"Baba Faudhia, ulisema unakuja sasa hivi. Sasa hivi ya leo au ya Ramadhani?"

Alikuwa anasema hivyo kweli. Mie nikaona kama yupo.

Halafu Bwanaheri kaokota kipande cha ukindu pale uani. Kachovya kwenye kopo la uongo. Kapitisha midomoni, taratibu, ukindu wote toka mwanzo mpaka mwisho. Kakunja uso. Katema pembeni. Kafuta mdomo kwa nyuma ya mkono. Kachukua mwingine. Kachovya, midomoni, katema. "Chungu huu, baba wewe! Lakini utang'aa."

Walicheka. Nami nilicheka mpaka machozi. Halafu nikawa sicheki tena.

Chungu. Bwanaheri anakuja kwetu mara mbili kwa mwaka, na kaona. Mie nimekaa na Mwajabu baraza moja kila jioni. Nilikuwa naangalia mikono yake tu, inavyokwenda mbio. Mdomo sikuuangalia.

Ijumaa, 18 Julai

Sikulala vizuri. Niandike sawasawa, labda kichwa kitatulia.

Mie kibarua wa kupuliza mikorosho. Mashine ni ya Abdulrazaq, yeye ndiye anapatana na wenye mashamba. Tuko wanne. Msimu wa dawa ndiyo huu. Kuna salfa ya unga na kuna dawa ya maji. Hiyo ya maji naiogopa. Ina fuvu kwenye chupa. Nilishamwona mtu kaanguka chini ya mkorosho anatoka povu. Kwa hiyo mie naoga huko huko shambani. Nguo za kazi zinabaki bandani kwa Abdulrazaq, nafua mwenyewe. Miaka kumi na moja, Mwajabu hajagusa nguo yangu ya dawa hata moja. Nilikuwa najisifu kwa hilo msikitini.

Halafu kuna gundi. Tunaiita gundi lakini inateleza kama sabuni. Inakuja kwenye galoni yake peke yake, kifuniko cha bluu. Unatia kifuniko kimoja kwenye pipa la dawa, dawa inatambaa kwenye jani haidondoki. Haina fuvu. Imeandikwa siyo kiuatilifu. Hiyo hatuiogopi. Wengine tunaoshea mikono.

Misimu mitatu nyuma Mwajabu alikuwa analalamika zambarau haikolei. Ukindu unakataa rangi, unatoka madoa. Nikamwambia ngoja. Nikamwomba Abdulrazaq gundi kidogo, kanitilia kwenye chupa ya maji. Kasema hiyo yenyewe haiui hata sisimizi.

Mwajabu kaniuliza, dawa hiyo? Nikasema siyo dawa. Kasema basi lamba. Nikalamba. Chungu kama shubiri, lakini nikalamba huku nacheka. Kasema haya, lete.

Kaitia kwenye rangi na kwenye kopo la kuchovyea ukindu. Rangi ikaingia kama imeitwa. Ukindu ukawa laini, unang'aa. Siku ile nilipikiwa wali wa nazi, na haikuwa sikukuu. Toka hapo nikawa namletea kila msimu. Wanaume wenzangu wanaleta vitenge. Mie naleta gundi, na mke anafurahi kuliko wa vitenge.

Kawagawia wenzake. Mwantumu, Habiba, na wanne wa Dimani. Mikeka yao ikawa na jina.

Leo nimesoma daftari toka mwanzo. Ugali na mlenda. Uji nusu kikombe. Chai bila kitu. Kizunguzungu. Fizi zinatoka damu. Chakula chote nimeandika, mpaka kipande cha papai. Ukindu sikuandika. Kwani ukindu chakula?

Sijui. Sisemi ndiyo. Ila kila nikifumba macho namwona Bwanaheri anatema.

Jumapili, 20 Julai

Tanga limeanuliwa jana. Hitima imesomwa. Watu wamekwenda.

Faudhia kasema anabaki mpaka ajifungue. Mume wake Mudy yuko Dar, kazini, kakubali. Nimefurahi. Nyumba ina mtu wa kuniambia vaa shati jingine.

Nimetoka msikitini Adhuhuri nimemkuta barazani. Miguu kanyoosha, kama mama yake kabisa. Anamalizia mkeka wa mtoto. Mwajabu alikuwa anausuka kwa ajili ya mjukuu, zimebaki kili tatu, ile mikanda ya kusuka. Kopo liko pembeni. Ukindu uko mdomoni.

Nilimpokonya. Kopo nimelipiga teke, limemwagika kwenye mchanga. Kanitazama. Toka azaliwe sijawahi kumpokonya kitu.

"Baba, vipi?"

Nikasema pumzika.

"Nimeketi, Baba. Nipumzike vipi zaidi ya kuketi?"

Nikasema ukindu una vumbi, siyo mzuri kwa mjamzito. Kasema mama kanisukia akiwa na mimba yangu na sikuzaliwa na vumbi. Kaingia ndani. Jioni kanitengea chakula, kaondoka bila kusema karibu.

Mie muoga. Nimwambie nini? Mama yako alikuwa anachovya kile nilichomletea mimi. Nililamba mbele yake ili aamini.

Jumatatu, 21 Julai

Nimekwenda Kibiti na chupa ya gundi ndani ya mfuko wa rambo. Faudhia nimemwambia nafuata cheti cha kifo.

Kwanza kwa bwana shamba, Tamimu. Kijana, mpole, ofisi yake ina feni moja na galoni hamsini. Nikamwekea chupa mezani. Kasema Mzee Zaidi hii si gundi ya kwenye dawa, ina nini? Nikasema wewe ndiye uniambie ina nini.

Kageuza galoni yake iliyo kama ile. Kasoma mbele, kasoma nyuma. Kasema hawajaandika. Wameandika inafanya kazi gani, hawajaandika ina nini.

Nikauliza inaruhusiwa hivyo? Kasema angalia. Katoa chupa ya dawa yenyewe, ile ya fuvu. Kaniwekea kidole kwenye maandishi madogo. Nikasoma mwenyewe, kwa kukokota. Sumu, gramu hamsini. Chini yake: vingine, hadi lita moja.

"Hamsini ndiyo inayoua mdudu," kasema Tamimu. "Hiyo wanaitaja, inapimwa, inapewa fuvu."

"Na hii iliyobaki chupa nzima?"

"Ndiyo vingine."

"Vingine nini?"

"Viyeyushi, sabuni, mafuta ya aina ya petroli. Kila kiwanda na yake. Hawataji, wanasema haviui mdudu kwa hiyo havina kazi. Na hawataki wenzao waige."

Nikamwambia mie sikuulizi mdudu.

Kasema pole sana mzee. Halafu kasema na yeye anazipanga galoni hizi kwa mikono mitupu. Kaitazama mikono yake.

Halafu kwa daktari. Ni mama mtu mzima, mkali kidogo. Mwajabu alimpenda kwa ukali ule, alisema huyu kama wifi yangu. Nikamweleza yote. Mpaka Bwanaheri nikamweleza.

"Mzee Zaidi, mbona hukusema? Nilikuuliza Machi. Petroli, rangi za kupaka, dawa za mashamba."

Nikasema gundi siyo dawa, daktari.

Kavua miwani. Kasema viko viyeyushi vinavyoharibu pale damu inapotengenezwa, ndani ya mifupa. Mkeo damu ilikuwa haitengenezwi, na chanzo sikukipata. Kama kwenye chupa hii kimo kimoja cha hivyo — inawezekana. Kama hakimo, siyo hiyo. Kwenye chupa hawakusema, na hapa sina mashine ya kuijua. Siwezi kukwambia ndiyo. Siwezi kukwambia hapana.

Nikauliza nifanye nini.

"Anayeitumia aache leo. Na waje wapimwe damu wote. Nani mwingine anatumia?"

Nikamtajia wanawake sita. Halafu ikabidi nitaje na wa saba.

Chupa kabaki nayo, atampa mtu anayekwenda Dar. Hakuahidi kitu. Nimempenda kwa kutoahidi.

Jumatano, 23 Julai

Jana nilishindwa. Nilichana kuni ambazo hazihitajiki.

Leo nimemwambia. Tulikuwa tunachambua mchicha. Nilisema bila kumtazama, nikasema yote. Gundi, wali wa nazi, kulamba. Daktari kasema ndiyo hasemi, hapana hasemi.

Kachambua mchicha mpaka ukaisha. Halafu akaanza kuchambua uliokwisha chambuliwa.

"Ulijua, Baba?"

"Sikujua."

"Mama alijua?"

"Aliniuliza. Nikamwambia siyo dawa."

Mie nikawa nasubiri aninyanyukie, nilitaka aninyanyukie. Kasema:

"Mama alikuwa anajisifu kwa ile gundi. Kila simu. Baba yako kaniletea mzigo wangu. Mpaka mie namwonea wivu, Mudy hajui hata naendelea na kazi gani."

Halafu kalia. Nimemshika mabega. Kanukia kama mama yake, moshi na nazi. Kasema nimekuwa naichovya toka nifike, Baba, mpaka uliponipokonya. Na Aprili nilipokuja kumuuguza. Na mwaka jana.

Nimesema kesho tunakwenda kupima. Kasema siogopi yangu. Kaweka mkono tumboni.

Alhamisi, 24 Julai

Tumekwenda. Safari hii kwa gari, siyo bodaboda, nimeng'ang'ania. Kanicheka, kasema nimeanza kuwa bibi.

Wamemtoa damu mkono wa kushoto. Tumesubiri kwenye benchi, kala machungwa mawili, la tatu kanimenyea mie. Matokeo: damu iko chini kidogo. Daktari kasema mjamzito damu yake hushuka kidogo na ni kawaida. Inaweza kuwa hiyo tu. Kampa vidonge. Arudi tarehe 21 Agosti apimwe tena, waone inapanda au inashuka.

Faudhia kauliza, na mtoto? Daktari kasema moyo unapiga vizuri, huo nimeusikia. Mengine tusubiri.

Njiani kasema, Baba, twende kwa kina Mwantumu. Nikasema nitakwenda. Kasema hapana, twende. Ukienda peke yako utazunguka mbuyu mpaka wakupe chai urudi.

Ijumaa, 25 Julai

Baada ya swala ya Ijumaa. Walikuwa kwa Mwantumu, barazani, wanne. Wa Dimani wawili hawakuwepo. Mwantumu anashona mikeka ya harusi, oda kubwa, ya watu wa Dar. Sufuria la zambarau liko jikoni linachemka.

Nilisema. Faudhia kakaa pembeni yangu. Nilipokwama alinisukuma kwa kiwiko.

Habiba kasema, kwa hiyo shemeji, ulituletea sumu?

Nikasema nilileta kitu nisichokijua. Hata aliyenipa hakijui.

Mwantumu hakuacha kushona. Kasema miaka mitatu natumia, mbona mie mzima? Kasema Mwajabu alikuwa mgonjwa tu, watu wanaugua, Mungu anachukua. Nikasema kweli Mungu anachukua. Kasema sasa basi?

"Mwantumu, nakuomba."

"Shemeji Zaidi, wewe umefiwa. Mtu akifiwa anatafuta pa kushika. Usije ukashika riziki yangu."

Maneno makali. Lakini huyu ndiye aliyemsugua Mwajabu vidole, na ndiye aliyeniletea uji siku tatu.

Faudhia kawaambia chovyeni maji matupu, na msipitishe mdomoni. Habiba kasema bila mdomo ukindu nitaulainisha na nini, na goti? Wakacheka. Hata Mwantumu. Faudhia kaomba bakuli na kitambaa, kakilowesha, kavuta ukindu ndani ya kitambaa, kawaonyesha. Kitambaa kikateleza, ukindu ukamchapa puani. Wakacheka tena. Habiba kajaribu. Wa pili kajaribu.

Watatu wametoa chupa zao, nimezibeba mwenyewe. Daktari kasema nisimwage, nizipeleke kwa Tamimu. Na Jumatatu wanakwenda kupima, Faudhia atawapeleka, na wale wawili wa Dimani atawapitia.

Mwantumu hakutoa.

Tulipokuwa tunatoka kanyanyuka, kamfunga Faudhia kanga iliyolegea mgongoni.

Jumamosi, 26 Julai

Abdulrazaq kaja asubuhi na mchele na samaki. Mtu mwema, nisimsingizie. Kakaa, kaomba dua, kasema mikorosho imeanza kutoa maua na ubwiri, ule ukungu, unaingia, wenye mashamba wanapiga simu. Nakuhitaji ndugu yangu.

Halafu kasema nasikia unasema maneno juu ya gundi.

Nikamweleza. Vingine, hadi lita moja. Alitaka kunikatiza, halafu akaacha. Kauliza polepole:

"Na kuoshea sakafu nako?"

"Sakafu gani?"

"Kwangu. Mama Nasra anaoshea sakafu na masufuria. Inatoa mafuta vizuri sana."

Nikasema aache leo. Katoa simu hapo hapo kampigia. Mama Nasra alikuwa anapiga kelele upande wa pili, mwaka mzima unanipa halafu leo ndiyo unaniambia. Yeye anasema ndiyo mke wangu, ndiyo mke wangu. Kakata simu, kafuta jasho.

Nikamuuliza, tutapuliza bila gundi? Kasema bila gundi mvua ndogo tu inaosha dawa yote, mwenye shamba ananidai. Na hata ukiitoa, si umesema vingine vimo humo humo ndani ya dawa? Nikasema vimo. Kasema basi tuache kazi wote?

Mie sina shamba. Nina mikono.

Kasema atanunua glavu na miwani. Namwamini nusu. Za msimu uliopita zilifika Septemba.

Kaja na Saidy, mwenzetu wa kwenye mashine, ndiye anayechanganya dawa kwenye pipa. Kijana wa maneno. Kashaanza kuniita Mzee Vingine. Kasema Mzee Vingine, chai yako ina majani gramu mbili, iliyobaki vingine, utakunywa? Nikacheka. Mwajabu angempenda na angempiga kwa upawa.

Jumapili, 27 Julai

Leo Faudhia kafanya kazi na kitambaa tangu asubuhi. Kakataa rangi. Mkeka wa mtoto utaishia na kili tatu nyeupe, kasema watu watauliza na nitawajibu. Mara mbili nimeona ukindu umepanda mpaka kwenye midomo. Kaushusha mwenyewe. Mara ya pili kaniona namtazama, kasema Baba, nenda kahesabu kuku.

Mwantumu kaja saa tisa na sahani ya futari ya mihogo. Kaketi. Kasema wenzake wameacha gundi, kabaki yeye tu. Rangi yake imekwisha kolea mikeka minne, imebaki miwili na gundi imekwisha. Watu wa harusi wanataka yote ifanane.

"Chupa moja tu, shemeji. Ya mwisho. Hii oda ikiisha naacha, wallahi."

Nikasema siwezi.

"Kwa Mwajabu uliweza."

Kaona kaniumiza, kanishika mkono, kasema nisamehe. Mkono bado kaushika, kasema basi nitamwomba Saidy. Kweli, Saidy ataleta. Saidy ndiye mwenye galoni. Saidy hawezi kumnyima mtu mzima anayemwita mwanangu.

Faudhia kampa maji ya kunywa. Wakaongea habari za mimba. Mwantumu kamwekea sikio tumboni, kacheka, kasema huyu anapiga ngoma. Nilikuwa nawatazama. Sikuwa na hasira. Namtaka azeeke, aendelee kunisema kama Mwajabu alivyokuwa ananisema. Wamebaki wachache wa kunisema.

Alipoondoka nimempigia Abdulrazaq. Nimesema msimu huu pipa nachanganya mie. Saidy abebe mashine yangu. Galoni ya gundi iwe mkononi mwangu, na ufunguo wa banda niwe nao mie.

Kasema Zaidi, una akili? Kuchanganya hamna anayekuomba, watu wanakimbia. Ndiko inakoruka usoni. Na wewe ndiye unayejua.

Nikasema ndiyo maana.

Kasema haya. Njoo na kitambaa cha pua chako, glavu bado.

Faudhia alikuwa mlangoni, kasikia yote. Kaenda kachukua kanga mpya ya mama yake, ile ambayo haijavaliwa, kaipasua katikati. Anashona kitu, kama barakoa, na uzi wa mkeka. Anashona kwa hasira, sindano inalia. Nimemwambia hiyo si ya kupasua. Kasema kaa kimya Baba, nakupima uso.

Kesho narudi kazini.